Kutoka Mombo Hadi Lushoto Siku ya Gulio

Katika wilaya za milimani za Mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, neno soko peke yake halitoshi kueleza mahali ambapo mkulima na mlaji hukutana, kwa sababu wenyeji hutofautisha soko, ambalo hufunguliwa kila siku na lina vibanda vya kudumu, na gulio, ambalo ni mkusanyiko wa siku maalumu za juma, unaoanza kujaa alfajiri na kutawanyika kabla jua halijazama. Maneno haya mawili hayana asili moja: soko lilifika pwani pamoja na Kiarabu, ilhali gulio linatokana na kitenzi cha kale cha Kibantu chenye maana ya kununua, ambacho Kiswahili cha leo hakikitumii tena, lakini Kisambaa, lugha ya wenyeji wa Usambara, bado kinacho. Mji wa Lushoto hufanya gulio lake siku za Alhamisi na Jumapili, Soni hufanya Jumanne na Ijumaa, na Sunga, kijiji cha mbali zaidi upande wa kaskazini, hufanya Jumatano, hivyo mchuuzi asiyechoka anaweza kuuza karibu kila siku ya juma bila kurudia uwanja mmoja kabla ya zamu yake.

Safari ya kwenda Lushoto huanzia Mombo, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, ambako abiria aliyetoka Dar es Salaam hushuka kwenye basi kubwa na kuingia kwenye basi dogo la kupandia mlima. Umbali uliobaki hauzidi kilomita 35, lakini barabara ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima juu ya korongo la mto, na inapanda kutoka kimo kisichofika mita 500 hadi karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, mtu aliyeingia garini akijipepea kwa gazeti hufunga vifungo vya shati kabla ya kufika Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani. Msafiri ambaye mwendo wake unasimuliwa hapa alipanda Alhamisi moja ya mwezi wa Januari, katika gari lililobeba, juu ya paa na chini ya viti, shehena iliyostahili kutazamwa kwa makini kama mandhari ya nje: nazi zilizotoka upande wa Pangani, machungwa ya Muheza, mafurushi ya kisamvu kilichochumwa usiku huohuo huko tambarare, na ng'onda, yaani samaki waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani, ambao harufu yao ilijaa garini tangu Mombo hadi mwisho wa safari. Vyote hivyo vilikuwa vinapanda. Vitakavyoshuka jioni kwa barabara hiyohiyo ni vya namna nyingine kabisa.

Kupanda kwa vitu vya pwani na tambarare, na kushuka kwa vitu vya mlimani, si jambo la juzi. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa, ameeleza kwamba wenyeji waliigawa nchi yao katika pande mbili: Shambaai, yaani milima yenye mvua, baridi na migomba, na nyika, yaani tambarare kavu ya chini yenye joto na homa, na kwamba vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa mlima makusudi, ili kaya moja iweze kulima pande zote mbili na kuokolewa na upande mmoja pale upande wa pili unapokosa mvua. Hata simulizi ya kuanza kwa utawala wa Wakilindi, ambayo Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, inamleta Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akiwapa watu wa milimani nyama ya nguruwe mwitu, nao wakimpa chakula cha mashamba yao. Wanahistoria wanaweza kuendelea kujadiliana ni kiasi gani cha simulizi hiyo kilitokea kweli, lakini kwa anayechunguza chakula, lililo muhimu ni kwamba jamii hii ilichagua kukumbuka chimbuko la wafalme wake kwa tendo la kubadilishana kitoweo na wanga, na kitoweo, kwa maana pana ya neno hilo, ni kitu chochote kinachosindikiza ugali, wali au ndizi kinywani, kiwe nyama, samaki au majani.

Baada ya Soni mteremko wenyewe huanza kujieleza. Mashamba yamepandana kama ngazi, mengine yakiwa kwenye miinamo ambayo mtu wa tambarare angeogopa hata kusimama, na chini kabisa, kando ya vijito, yamo mabustani ya kabichi, karoti, liki, njegere na viazi, yanayonyweshwa kwa mifereji midogo iliyochimbwa kwa jembe la mkono. Mengi ya mazao hayo hayakuwako wakati mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Vuga, mji mkuu wa ufalme huo, mwaka 1848 kuonana na mfalme Kimweri ye Nyumbai. Mboga na matunda ya nchi za baridi yaliongezeka sana baada ya Wajerumani, walioita Lushoto kwa jina la Wilhelmstal, kuanzisha mashamba ya majaribio kama lile la Kwai, na baada ya wamisheni na walowezi kupanda miti ya matunda kuzunguka makazi yao. Mipeasi na miplamu iliyoachwa na watu hao imekwisha kuwa ya wenyeji kiasi kwamba mtoto wa Lushoto huikwea kama mtoto wa Tanga anavyoukwea mwembe, na Januari ndio mwezi ambao matunda yake hujaa kwenye ndoo kando ya barabara.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza nayo iliacha kumbukumbu yake mlimani, ila si ya matunda. Kuanzia mwaka 1946, katika bonde la Mlalo, na baadaye katika sehemu nyingine za Usambara, wakulima walilazimishwa kulima kwa matuta, yaani miinuko ya udongo inayokata mteremko kwa ukingamo, ili kuzuia mmomonyoko. Lengo lilikuwa jema, kwa kuwa udongo wa mlimani ulikuwa kweli unateremka na mvua, lakini kazi hiyo ngumu iliamriwa bila kuwashirikisha walioijua ardhi, iliwaangukia zaidi wanawake, na ilipingwa kwa nguvu hadi mpango ukavunjika katika miaka ya 1950. Mashamba yanayoonekana leo, yenye majani ya ng'ombe yaliyopandwa kwenye kingo na migrivelia katikati ya mahindi, ni matokeo ya juhudi za baadaye, na zaidi ni matokeo ya wakulima wenyewe kuamua lini na wapi wakinge udongo wao. Anayenunua karoti ya Lushoto bila kuutazama mteremko ilikotoka hajui hata nusu ya alicholipia.

Gulio la Alhamisi lilikuwa limeshajaa saa mbili asubuhi. Kutoka mbali linaonekana halina mpangilio, lakini aliyesimama kidogo huona kwamba kila kitu kina mtaa wake: magari ya mizigo na wanunuzi wa jumla wako pembeni, karibu na barabara, pamoja na milima ya kabichi na magunia ya viazi, wauza ndizi na magimbi wako mahali penye kivuli, vyungu vya udongo, ambavyo kwa Wasambaa hufinyangwa na wanawake, vimepangwa mbali na miguu ya watu, na katikati, kwenye mistari mirefu, wamekaa akina mama waliotandika magunia na kupanga juu yake mafungu ya mboga. Mistari hii ya katikati ndiyo gulio lenyewe. Humo hamna dalali, yaani mtu wa kati anayekutanisha muuzaji na mnunuzi kwa ujira. Aliyekaa mbele ya fungu ndiye aliyelima, akachuma, akaosha, na akalibeba kichwani tangu kabla ya alfajiri.

Fungu ni kipimo kinachostahili maelezo, kwa kuwa ndicho kipimo cha jiko la mtu wa kawaida. Halipimwi kwa mizani. Nyanya nne huwekwa chini, moja juu, nalo hilo ni fungu. Karoti sita zilizooshwa kijitoni mpaka zikang'aa, zikalazwa kichwa kwa mkia, ni fungu. Mchicha ulioshikwa kwa mkono mmoja na kufungwa kwa ukoka ni fungu pia. Juu ya fungu kuna kisado, yaani ndoo ndogo ya plastiki yenye ujazo wa takribani lita 4, ambayo kwanza ilikuja sokoni ikiwa na rangi ya nyumba au mafuta na sasa inapimia maharage na njegere. Juu ya kisado kuna debe la lita 20. Na juu ya debe kuna tenga na gunia. Siri ya fungu ni kwamba bei yake ni nzito kusogea. Mboga zikiadimika, muuzaji hasemi kwamba bei imepanda. Anaondoa nyanya moja chini, fungu linabaki na umbo lake la mnara, na mnunuzi mwenye macho anaelewa habari ya mvua bila kuambiwa. Zikijaa, nyanya ile inarudi, na juu yake inakuja nyongeza, yaani kile anachopewa mnunuzi bila malipo baada ya bei kukubaliwa, ambacho mteja wa Usambara hukitegemea kama haki na muuzaji hukitoa kama heshima.

Msafiri alisimama mbele ya mama mmoja wa makamo aliyeuza ngogwe, yaani nyanya chungu, zile ndogo nyeupe zenye umbo la yai, pamoja na mafungu ya mnavu na mchunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ngogwe. Hizi zimechumwa leo, tazama vikonyo."

Neno hilo la vikonyo lilikuwa elimu ya kutosha kwa siku nzima. Tunda la ngogwe linaweza kung'aa siku nne baada ya kuchumwa, na anayeangalia ngozi peke yake atadanganyika, lakini kikonyo, yaani kishina kinachobaki kwenye tunda, husinyaa na kugeuka rangi ya udongo mapema, kabla tunda lenyewe halijaonyesha dalili. Akina mama waliokaa mstari huo wana vipimo kama hivyo kwa karibu kila kitu. Kabichi hupimwa kwa kuinuliwa, kwa kuwa ile nyepesi kuliko ukubwa wake ina hewa ndani badala ya majani, kisha hukamuliwa kidogo sikioni ili isikike ikilia. Njegere husuguliwa ganda kwa ganda. Mbichi hutoa mlio, iliyolala hunyamaza. Kiazi hugeuzwa pande zote kutafuta ukijani, ambao hutokea kinapoachwa kwenye mwanga na huambatana na sumu iitwayo solanini, hivyo kiazi chenye ukijani mwingi hakifai kuliwa hata kama ni kigumu na kizuri. Parachichi halibonyezwi tumboni, kwa sababu kila kidole huacha jeraha litakalokuwa jeusi kesho. Hubonyezwa taratibu karibu na kikonyo. Elimu hii haina kitabu, na inasikitisha kuona jinsi inavyopotea kwa wepesi mjini, ambako mnunuzi huletewa mboga ndani ya mfuko uliofungwa.

Mama yule alieleza pia, huku akipanga upya fungu lililovurugwa na mnunuzi mwingine, tofauti kati ya mboga zake na za jirani yake aliyeuza kabichi. Jirani hununua mbegu dukani kila msimu, na bei ya mbegu hizo haimngojei mtu. Sababu iko katika mmea wenyewe: kabichi huhitaji majuma mengi ya baridi kali kabla ya kutoa maua, baridi ambayo milima ya tropiki haiwezi kuipa kwa urahisi, hivyo mbegu nyingi hutoka nchi za nje, na nyingi kati ya hizo ni chotara, yaani zimezaliwa na wazazi wa aina mbili tofauti, kiasi kwamba hata mmea ukibahatika kuzaa, watoto wake hawafanani na mama. Ngogwe na mnavu haviko hivyo. "Hizi nilipewa na mama mkwe nilipoolewa," alisema, "naye alipewa na wa kwake. Sijawahi kununua mbegu ya ngogwe." Baada ya bei kukubaliwa aliongeza ngogwe tatu, na ya nne ilikuwa nyekundu, iliyoiva hadi kulegea, ambayo msafiri aliichukua kwa adabu akidhani imechanganywa kwa bahati mbaya.

Kuhusu mnavu na mchunga ni lazima kusema zaidi. Mwaka 1979 mwanaanthropolojia Anne Fleuret alichapisha utafiti wake wa Lushoto kuhusu majani yanayoota yenyewe, akionyesha kwamba majani hayo yalikuwa sehemu ya kawaida ya mlo wa Wasambaa, wala hayakuwa chakula cha wakati wa njaa peke yake. Mengine huota kwenye kingo za mashamba, mengine katikati ya mahindi, ambako mpaliliaji mwenye busara huyaruka kwa jembe. Mchunga ni mchungu, kama jina lake linavyosikika, na mlaji asiyeuzoea hukunja uso. Mnavu una uchungu mpole unaopungua ukichemshwa. Wataalamu wa kilimo waliokuja mlimani kwa miaka mingi waliyahesabu majani haya kuwa magugu, wakayaacha nje ya hesabu za mazao, na matokeo yake ni kwamba kabichi, yenye virutubisho vichache kuliko majani ya kijani iliyokolea, ilipata wataalamu, mbegu, dawa na barabara, ilhali mnavu ulibakia na akina mama tu. Hilo lilikuwa kosa, na ni vyema liitwe kwa jina lake.

Pembeni mwa gulio, kwenye magari, mambo huenda kinyume na mistari ya katikati. Huko kipimo ni gunia, nalo gunia la viazi au kabichi linaloondoka Lushoto mara nyingi si gunia ambalo kiwanda kililishona. Mdomo wake umeachwa wazi, juu yake zimepangwa bidhaa nyingine kwa ustadi hadi kimo cha nusu gunia zaidi, kisha nundu hiyo ikafunikwa kwa kipande cha gunia jingine au wavu na kukazwa kwa kamba. Huitwa lumbesa. Mkulima hulipwa kwa gunia moja, ingawa aliyemjazia mnunuzi ni gunia moja na nusu, na akikataa, gari linakwenda kwa jirani, kwa kuwa kabichi iliyokwisha kukatwa haina subira. Sheria ya Vipimo ya Tanzania inakataza ufungashaji huo, na Wakala wa Vipimo amekuwa akiupiga vita kwa ukaguzi na kwa kuwahimiza wakulima wauze kwa kilo, lakini mizani ni michache gulioni, na aliye na haraka ni mwenye mzigo unaooza.

Ukiweka fungu na lumbesa pamoja, unaona jambo ambalo bei zilizoandikwa kwenye magazeti haziwezi kuonyesha. Mnunuzi mdogo anapokabili uhaba, bei husimama na fungu hupungua. Mnunuzi mkubwa anapokabili wingi, bei husimama na gunia huongezeka. Katika hali zote mbili kipimo ndicho kinachotembea, ila kwenye fungu kinatembea mbele ya macho ya watu wawili waliokaa chini pamoja, na yeyote anaweza kuhesabu nyanya tano, wakati kwenye lumbesa kinatembea upande mmoja tu, na anayekipangia mwendo ni yule mwenye gari. Mzigo huohuo hushuka usiku hadi Mombo na kuendelea hadi Dar es Salaam, zamani hasa Kariakoo, kwenye soko lililosanifiwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, na siku hizi hata kwenye masoko mengine ya jiji, ambako lumbesa hufunguliwa, hugawanywa, na kuwa mafungu tena mbele ya mama mwingine. Ile nusu ya gunia ambayo mkulima hakulipwa huuzwa huko fungu kwa fungu, kwa bei kamili.

Jioni hiyo msafiri alipokelewa katika nyumba ya mwenyeji, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini, ambako bibi mwenye jiko alimwaga kikapu chote juu ya ungo kabla ya kuamua kitakachopikwa. Hivi ndivyo jiko la siku ya gulio linavyofanya kazi: mpishi hatoki nyumbani na jina la chakula kichwani akatafute vitu vyake, bali hurudi na vitu na kuviuliza vinataka kuwa nini. Siku hiyo kulikuwa na kisamvu kutoka nyika, ngogwe kutoka mlimani na nazi kutoka pwani, na vitu hivyo vitatu vinajuana tangu zamani.

Kisamvu, yaani majani machanga ya muhogo, hakipikwi kwa haraka, na sababu yake si ladha tu. Majani hayo yana kemikali iitwayo linamarini, ambayo seli za jani zinapovunjika hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sianidi, sumu kali inayoruka na mvuke. Bibi hakutaja lolote kati ya hayo, lakini kila alichofanya kilifuata mantiki hiyo hatua kwa hatua: alichambua vikonyo, akatia majani kinuni pamoja na punje za kitunguu saumu, akatwanga mpaka yakawa uji mzito wa kijani na harufu yake ikabadilika, kisha akayachemsha kwenye chungu kisichofunikwa kwa zaidi ya saa moja, akiongeza maji ya moto kila yalipopungua, na alipoona mtoto wa jirani amechukua mfuniko kutaka kusaidia, alimzuia.

"Acha kiwe wazi, mjukuu wangu. Kisamvu kinapumua."

Wakati kikipumua, alikaa juu ya mbuzi, kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, akakuna nazi mbili kwa mikono yote, akizungusha kifuu taratibu ili meno yasifikie gome na kutia tui weusi. Nazi iliyokunwa aliitia kwenye kifumbu, mfuko uliosukwa kwa ukindu, akamimina maji ya uvuguvugu kidogo na kukamua. Hilo lilikuwa tui zito, ambalo aliliweka pembeni. Aliongeza maji mara ya pili na ya tatu, akapata tui jepesi, na hilo ndilo lililoingia kwanza chunguni pamoja na ngogwe zilizopasuliwa kati na kulowekwa kwenye maji ya chumvi ili kupunguza uchungu wake. Mpangilio huo una maana: tui jepesi linaweza kuchemka muda mrefu likaivisha mboga, lakini tui zito likichemshwa kwa nguvu hukatika, yaani mafuta hujitenga na maji, na mchuzi ukawa kama maziwa yaliyoharibika. Kwa hiyo lilimiminwa mwishoni kabisa, moto ukiwa umepunguzwa kwa kuondoa kuni moja kati ya mafiga, bibi akikoroga bila kusimama hadi viputo vya kwanza vilipoanza kuinuka pembezoni. Mafuta hayo hayakuwa ya utamu peke yake. Beta-karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A na ambayo majani ya kijani yanayo kwa wingi, hufyonzwa vizuri ikiliwa pamoja na mafuta, na watu waliogundua kwamba kisamvu kinataka nazi huenda walikuwa wamelijua hilo kwa afya ya watoto wao muda mrefu kabla ya maabara.

Kililiwa kwa ugali wa mahindi yaliyosagwa kijijini, kukiwa giza, na mnavu uliochemshwa na kukaangwa kwa kitunguu peke yake ukiwa kwenye bakuli la pembeni kwa wale waliopenda uchungu.

Ile ngogwe nyekundu ilibakia kwenye ungo. Msafiri alipoinyanyua kuitupa pamoja na maganda, bibi aliinua mkono na kuipokea, akauliza imetoka kwa nani, na alipoelezwa mahali mama yule alipokaa gulioni alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayetambua. Aliipasua kwa kucha, akaikamua kwenye kikombe cha maji, akazisugua mbegu kati ya vidole mpaka ute ulipotoka, akamwaga zilizoelea na kubakisha zilizozama. Kisha alichota jivu lililopoa kando ya figa, akazichanganya nalo, akazitandaza juu ya kipande cha gazeti, na kukichomeka juu ya dari ya jiko, mahali ambapo moshi hupita kila siku na panya hafiki.